Usiuze ploti kwa sababu ya Ulaya (lakini ukipata nafasi, nenda)

Najua niliahidi sehemu ya pili ya makala ya kuhamisha hifadhidata, na najua kuna watu watatu wanaoisubiri (nyinyi watatu mnajijua). Itasubiri. Leo sina hamu ya hifadhidata. Leo nimekasirika, na mimi nikikasirika huandika.

Kwa wageni: mimi ni mwandishi wa programu, umri miaka 28, shahada ya kwanza ya sayansi ya kompyuta nilisomea Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kule Nchiru, na naishi Majengo. Kila mji wa Kenya una Majengo yake. Nairobi ipo, Mombasa ipo, Nyeri ipo, jirani zetu wa Embu wanayo. Yangu ni ya Meru, na ndiyo bora kuliko zote. Ubishi huo si wa leo.

Kati ya mwaka 2021 na 2023 nilikuwa Tampere, Finland, nikisomea shahada ya uzamili. Kwa sababu hiyo hapa mtaani naitwa "yule wa Ulaya", na kwa sababu hiyo hiyo Jumapili iliyopita nilipewa maikrofoni.

Ilikuwa harambee. Hema, viti vya plastiki, spika mbili kubwa za kukodi. Binti wa jirani yetu amepata "nafasi ya chuo" Ulaya. Ana miaka 19, alipata B katika mtihani wa kidato cha nne, na kichwa chake ni chepesi, hilo nalijua kwa sababu nimewahi kumfundisha hesabu. Ajenti wa Nairobi anataka shilingi 480,000 zote kwa pamoja. Baba amekwisha kupata mnunuzi wa ploti ndogo aliyoachiwa na babake. Zilizobaki zilikuwa za kuchangwa.

Mama yake ni yule anayetuuzia chapati. Amenilisha tangu nikiwa darasa la nne, mara nyingi kwa mkopo. Akanishika mkono akaniambia, "Mwanangu, waambie watu Ulaya kulivyo kuzuri, wafungue mifuko."

Kabla ya kusimama nikaomba kuiona barua ya chuo. Binti akanipa simu. Na hapa ndipo nilipoharibu sherehe.

Dakika kumi na moja. Ndizo zilizonitosha, nikiwa nimekaa kiti cha nyuma na bando la shilingi ishirini. Barua ilisema chuo kilianzishwa mwaka 1974. Nikaangalia kikoa cha tovuti yao kilisajiliwa lini: miezi saba iliyopita. Nikafungua maelezo ya faili la barua, yale yanayojiandika yenyewe bila mtu kujua. Mwandishi wa faili alikuwa na jina lile lile la kampuni ya ajenti. Picha ya jengo la chuo nikaitafuta mtandaoni kwa picha yenyewe, nikaikuta ni ya chuo kingine, katika bara jingine, penye minazi. Kisha nikafungua orodha ya vyuo vinavyotambuliwa na serikali ya nchi hiyo. Hakimo.

Nikachukua maikrofoni nikasema yote hayo.

Nilikosea, nakubali. Ningemwita baba yake kando, nikamweleza kwa heshima, mtu kwa mtu. Badala yake nilimuumbua mzee wa watu mbele ya wageni wake. Kimya kilichofuata sitakisahau. Halafu mzee mmoja wa pale mbele, mtu ninayemheshimu, akasema bila maikrofoni lakini wote tukasikia: "Wewe ulienda ukala, ukashiba. Sasa unawafungia wenzako mlango."

Maneno hayo yamenikaa kooni siku nne sasa. Makala hii ni jibu langu kwake, mzee wangu, na kwa yeyote anayefikiri hivyo.

1. Wanaouza Ulaya kama sabuni

Nianze na maajenti. Si wote ni wezi. Ila hata wasio wezi wanauza kitu ambacho hakipo. Angalia mabango yao: theluji, koti zuri, kijana anacheka, na chini yake mishahara. "Fanya kazi ukisoma." "Lipa ada kwa kazi yako." Hakuna bango hata moja lililowahi kuandika neno "kujifunza". Wanauza mshahara uliovishwa joho la mahafali.

Na tusidhani wanaodanganyika ni wajinga. Tukumbuke Uasin Gishu. Kaunti yenyewe, serikali yenye nembo na bendera, ilianzisha mwaka 2021 mpango wa kupeleka vijana Finland na Canada. Wazazi wakalipa mamia ya maelfu ya shilingi, wengine wakauza mashamba na ng'ombe, pesa zikaingia katika akaunti ya mfuko wa elimu wa kaunti. Vijana wengi hawakuondoka kamwe. Baadhi ya waliofika Finland wakajikuta ada yao haijafika chuoni. Mwaka 2023 wazazi na wanafunzi waliandamana Eldoret, na Agosti mwaka huo aliyekuwa gavana pamoja na maafisa wengine walifikishwa mahakamani katika kesi ya takriban shilingi bilioni 1.1. Kushtakiwa si kupatikana na hatia, na mimi si hakimu. Lakini pesa za wazazi zilitoka mifukoni na watoto hawakusoma. Hilo halihitaji hakimu.

Nilikuwa Finland habari hizo zilipotoka. Niliona aibu ambayo sikuweza kumweleza mtu. Wenzangu darasani waliniuliza, "Kwa nini mzazi auze shamba zima kwa sababu ya chuo?" Sikujibu. Jibu lilikuwa refu mno kwa mapumziko ya chai.

Jibu ni hili: kwa sababu tumekubali kwamba kusoma Ulaya ni bahati nasibu ya pesa. Na bahati nasibu mtu huichezea kila alicho nacho.

2. Wanaosema tusiende kabisa

Upande wa pili kuna kundi jingine, na wengi wao ni marafiki zangu wa teknolojia wa Nairobi. Hawa husema: ya nini Ulaya? Masomo yote yako mtandaoni. Mihadhara ya vyuo vikubwa unaitazama bure ukiwa kitandani. Kwenda huko ni utumwa wa akili, ni kukimbia nchi.

Nusu ya hoja hiyo ni kweli, na mimi ni shahidi wake. Karibu kila ninachokijua cha kulisha familia nilijifunza kwa simu yenye skrini iliyopasuka. Kama unaenda Ulaya kujifunza lugha ya programu, kaa nyumbani. Utaokoa nauli.

Lakini "utumwa wa akili"? Tuangalie waliokwenda. Julius Nyerere alisoma Edinburgh kuanzia 1949 hadi 1952. Akarudi akaijenga nchi kwa Kiswahili, na bado akapata wakati wa kumtafsiri Shakespeare: tafsiri yake ya *Julius Caesar* ilitoka 1963. Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika *A Grain of Wheat* akiwa mwanafunzi Leeds, kisha akaja kuwa mtetezi mkali kuliko wote wa kuandika kwa lugha zetu, mpaka alipofariki Mei 2025. Ali Mazrui wa Mombasa, matokeo yake ya shule hayakutosha kumwingiza Makerere. Akapata ufadhili, akaenda Uingereza, akamaliza Manchester mwaka 1960 na baadaye udaktari Oxford. Na nani alimfanya profesa? Makerere ile ile.

Watu hawa hawakutiwa utumwa. Ukiniuliza mimi, nitasema walipata umbali. Mtu akisimama karibu mno na ukuta haoni nyumba. Lazima arudi nyuma hatua kadhaa. Wengine tumelazimika kurudi nyuma kilomita elfu kadhaa kwa sababu vichwa vyetu ni vigumu.

3. Nilichopata mimi (na hakimo kwenye bango)

Sasa nieleze nilichokula huko mpaka nikashiba, mzee wangu.

Kwanza, nilijifunza kubishana. Wiki ya kwanza profesa alituambia tumwite kwa jina lake, lile la kwanza. Nilishindwa. Kwa wiki tatu nilitunga sentensi ambazo hazikuhitaji jina lake kabisa. Kisha siku moja akaweka msimbo wake mwenyewe ukutani, akanigeukia akauliza, "Wewe unaonaje?" Nikasema ni mzuri sana. Akasema, "Una kosa katika mstari wa kumi na nne. Nililiweka makusudi. Nilitaka kujua nani atasema."

Nililiona kosa lile, wallahi. Nililiona tangu mwanzo. Lakini miaka kumi na sita ya shule ilikuwa imenifundisha kwamba mwalimu akikosea, wewe unakili kosa na unapata alama. Siku ile niliona nilichokuwa nimebeba.

Na hii si adabu tu, ndugu zangu. Ni teknolojia. Linux, ambayo inaendesha seva nyingi za dunia na imo ndani ya simu yako ya Android, ilianzishwa mwaka 1991 na mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki aliyekuwa na miaka 21, Linus Torvalds. Alikuwa amejifunzia mifumo ya uendeshaji kutoka kitabu cha Andrew Tanenbaum, profesa wa Amsterdam. Januari 1992 profesa huyo huyo alimwambia hadharani kwamba muundo wa Linux umepitwa na wakati, na kwamba angekuwa mwanafunzi wake asingepata alama nzuri. Kijana akamjibu. Hadharani, tena kwa ukali. Wakabishana, na hakuna aliyefukuzwa chuo. Hebu niambie: kijana yule angekuwa kwetu, angejibu? Au angeomba msamaha na kufuta faili?

Pili, nilijifunza kuwa si mtoto wa mtu. Hapa Majengo mimi ni mtoto wa fundi viatu. Kila mlango najulikana, jambo linalosaidia na kubana pia. Kule hakuna aliyejua baba yangu ni nani. Nikipata alama ni zangu, nikifeli ni zangu. Nilifeli mtihani mmoja, na kwa mara ya kwanza maishani sikuwa na mtu wa kumlaumu. (Tutaurudia mtihani huo.)

Tatu, na hili ni la aibu: nilijifunza kufua. Nina miaka 24, shahada ya sayansi ya kompyuta, na sijawahi kuosha sufuria niliyopikia, kwa sababu nina dada wawili. Jiko tulikuwa watu wanne: Mfini, Mvietnam, Mghana na mimi. Ratiba ilibandikwa kwenye friji. Wiki ya kwanza niliipita kama sioni. Wiki ya pili Mghana, mtu mpole sana, aliniwekea vyombo vyangu vichafu mlangoni kwangu, vimepangwa vizuri. Nimeelewa, kaka. Niliporudi nyumbani nilianza kufua nguo zangu mwenyewe uani. Dada zangu walipiga picha.

Nne, nilijifunza kuwa mgeni. Ndani ya tramu iliyojaa, kiti cha kando yangu kilibaki kitupu mara nyingi kuliko ilivyowezekana kwa bahati tu. Mimi naandika programu, najua kuhesabu. Kuna siku niliombwa vitambulisho katikati ya kundi la watu ambao hawakuombwa. Nilirudi chumbani nikiwa na hasira, nikamwandikia rafiki yangu wa utotoni, tuliyesoma naye hapa Majengo, familia yake ni Waborana. Nikamweleza yote. Akanijibu mstari mmoja: "Karibu. Mimi nilingoja kitambulisho miaka miwili, nyumbani kwangu."

Nilikaa na ujumbe ule muda mrefu. Tulisoma dawati moja. Mimi nilipata kitambulisho kwa wiki chache, yeye akapelekwa mbele ya kamati ya msasa, aulizwe babu yake alizikwa wapi. Na sikuwahi kumuuliza hata siku moja kwa nini hana kitambulisho. Nilidhani ni mvivu. Ilibidi nikae mwenyewe kando ya kiti kitupu ndipo nione kiti chake. Mwaka 2025 serikali ilitangaza kuondoa msasa huo wa ziada. Nilimpigia simu siku ile. Kabla ya Tampere nisingejua ni habari ya kupigiwa simu.

Tano, Kiswahili. Hili ndilo lililobadilisha kazi yangu. Kule nilikutana na jamaa wa Bukavu na dada mmoja wa Tanga. Mkongo alinipita Kifaransa, mimi nilimpita Kiingereza, lakini tukianza Kiswahili tunacheka wote kwa wakati mmoja. Wafini wako milioni tano na nusu hivi, na wanaandika kila kitu kwa Kifini: kodi, fizikia, maelekezo ya mashine ya kufulia. Sisi tunaozungumza Kiswahili ni wengi kuliko wao mara kadhaa, na kompyuta tunaiomba radhi kwa Kiingereza.

Halafu nikagundua jambo. Nilitaka kutengeneza kikagua tahajia cha Kiswahili, nikahitaji mkusanyo mkubwa wa maandishi. Nikautafuta Nairobi, nikautafuta Dar es Salaam. Nikaukuta Helsinki. Saa mbili kwa gari moshi kutoka chumbani kwangu. Profesa Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alianza miaka ya 1980 kujenga mfumo wa kompyuta wa kuchambua Kiswahili, akauita SALAMA, na chuo hicho kinahifadhi Mkusanyo wa Kiswahili wa Helsinki ambao toleo lake la pili lina maneno takriban milioni 25. Yaani Mfini alikuwa amekaa na ngeli zetu, na viambishi vyetu, na "aliyemwambia" yetu, akavifundisha mashine, kabla sijazaliwa.

Nilishukuru na nikaona haya kwa pamoja. Ndiyo sababu ukurasa huu unaandikwa kwa Kiswahili. Mlikuwa mkiuliza, basi ndiyo hiyo sababu.

4. Bei yake

Sasa msiniambie nami nimegeuka ajenti. Bei ipo, na niliilipa.

Ada nilisamehewa na chuo. Finland ilianza kuwatoza ada wanafunzi wanaotoka nje ya Ulaya mwaka 2017, kwa hiyo bila msamaha huo nisingekwenda. Lakini ilibidi nionyeshe nina pesa za kuishi, wakati huo euro 560 kwa kila mwezi, yaani euro 6,720 kwa mwaka. Nilikuwa nimefanya kazi miaka miwili nikitengenezea watu tovuti, nikaweka akiba. Haikutosha. Mjomba akanikopesha kutoka chama chake. Deni lile nilimaliza kulipa mwaka jana tu. Kwa hiyo mzee wangu, ni kweli nilibebwa. Sijawahi kusema nilijibeba.

Na kule simu zilianza mwezi wa pili. Binamu ana ada. Paa la shangazi linavuja. Nani atakataa? Nikachukua kazi ya kusambaza magazeti. Unaamka saa nane usiku, unapanda ngazi za watu walio usingizini, unamaliza saa kumi na mbili, saa mbili asubuhi uko darasani, umekaa wima lakini umelala. Ndipo nikafeli ule mtihani. Nilikuwa nimeacha kwenda kwenye vikundi, nimeacha kupika na wenzangu, nimeacha kuuliza maswali. Yaani vitu vyote nilivyovitaja hapo juu, vile vyenye thamani, nilikuwa nimevibadilisha na mabati ya shangazi. Na shangazi hakujua, kwa sababu sikumwambia. Nilimtumia picha nikiwa na koti.

Koti lile ni bango. Mimi mwenyewe nilikuwa bango.

Desemba jua la Tampere huchomoza karibu saa nne asubuhi na kuzama mnamo saa tisa alasiri. Nyanya yangu alizikwa katika mwezi huo. Nilitazama mazishi kwa simu, mtandao ukikatika, udongo ukiganda hewani kabla ya kuanguka. Hakuna kozi inayofidia hilo. Siwezi kulipanga katika safu ya faida wala ya hasara. Lipo tu.

Na Ulaya nayo isijifanye haina lake. Inapenda kusema juu ya kubadilishana mawazo, lakini malango ni ya upande mmoja. Mwenzangu wa Nchiru alisoma katika nchi nyingine (siitaji), mama yake akaomba viza kwenda kumwona akihitimu. Akakataliwa: haijathibitika kwamba atarudi. Mama mwenye kibanda cha nyanya na wajukuu sita, asirudi aende wapi? Ada ya kuomba viza ya Schengen ilipandishwa Juni 2024 kutoka euro 80 hadi 90, na ukinyimwa hairudi. Mabadilishano gani hayo, ambayo mmoja hubadilisha na mwingine hulipia kukataliwa?

5. Basi tufanye nini?

Hoja yangu nzima ni hii, na ningeisema Jumapili kama ningekuwa na akili ya kutulia: faida ya kusoma Ulaya ni kubwa, lakini ni ya kukua, na kukua hakulipi deni la ploti. Ukienda na deni la ploti mgongoni, utatumia miaka yako yote kulipa ploti, na ile faida utaipita kama nilivyoipita ratiba ya friji. Kuuza ploti ni kununua tiketi ya kwenda kukosa kile ulichokifuata.

Kwa hiyo:

Kwanza, tafuta ufadhili kabla ya kutafuta chuo. Upo. Erasmus Mundus ipo tangu 2004, ni ya shahada ya uzamili: hulipa ada na posho ya euro 1,400 kwa mwezi, na unaomba mwenyewe mtandaoni. DAAD ya Ujerumani ina ofisi Nairobi tangu 1973. Nenda ukaulize, hawaumi.

Pili, jua hesabu za kweli. Vyuo vingi vya umma Ujerumani havitozi ada ya masomo (jimbo la Baden-Württemberg hutoza euro 1,500 kwa muhula kwa wanaotoka nje ya Ulaya). Lakini bure si bure: tangu Septemba 2024 mwombaji wa viza asiye na mfadhili huonyesha euro 11,904 kwa mwaka katika akaunti maalumu. Ajenti akikuambia "Ujerumani ni bure" bila kutaja tarakimu hiyo, nyanyuka uondoke.

Tatu, usifanye haraka. Shahada ya kwanza isomee hapa. Nchiru ipo, Embu ipo. Nenda ukiwa na kitu mkononi, ili ukifika uwe na cha kubishania. Mtoto wa miaka 19 aliyepelekwa na deni la ukoo hawezi kumwambia profesa kuna kosa mstari wa kumi na nne. Anaogopa kila kitu.

Nne, wazazi na shangazi zangu: mkimpeleka mtoto, mwacheni mwaka mmoja bila kumwomba kitu. Mmoja tu. Kama mnavyoacha mche wa mparachichi bila kuuchuma.

Tano, sisi tuliorudi tuache kutuma picha za koti. Tuseme ukweli, na tuketi na wanaofuata tuwasaidie kujaza fomu. Bure. Ajenti ana nafasi mtaani kwetu kwa sababu sisi tumenyamaza.

La tano linanihusu, basi nimeanza. Juzi jioni nilikwenda nyumbani kwao. Nilimwomba mzee msamaha kwa kumwaibisha, si kwa nilichosema. Hakujibu sana. Alisema mnunuzi wa ploti bado anapiga simu. Akanyamaza, akaniuliza kama shahada ya Nchiru "inasikika" huko nje. Nikamwambia mimi ilinifikisha. Akatikisa kichwa, sijui kwa kukubali au kwa kuchoka.

Binti ameniletea vyeti vyake. Kila Jumamosi saa nne tutakaa kwenye meza yangu: kwanza vyuo vya hapa, kisha, miaka minne ijayo, ule mlango mzee anaosema nimeufunga. Akikosa huku na kule nitakuwa mimi ndiye niliyemkosesha, na mtaa mzima utajua. Nimekubali deni hilo.

Mama yake bado ananiuzia chapati. Ila siku hizi zile maharagwe za kuongezea juu, alizokuwa akinitilia bila kuulizwa, hanitilii. Nazilipia shilingi ishirini kama mtu mwingine yeyote.

Sehemu ya pili ya hifadhidata, wiki ijayo. Inshallah, na stima ikiwepo.